Ngolo Zilizochimbwa na Wanaume

Mkumbi, Mbinga
6 Septemba 1998

Mpwa wangu Tadea,

Salamu kutoka huku milimani, ambako baridi ya mwaka huu imekaa kama mgeni asiyejua kuaga. Nyumbani kwangu wote wazima. Ng'ombe mweusi amezaa dume. Bomba la kanisani limepasuka tena na Paroko ametangaza mchango tena. Mama yako yupo. Mwambie mwalimu Meshack kwamba namdai usipa wakavu aliowaahidi siku ya harusi, au je, ahadi za watu wa ziwani huwa zinaoza upesi kama samaki wao?

Sasa keti nikueleze.

Unajua tulivyo sita tuliojenga mitambo ya kumenya kahawa kandokando ya kijito chetu, tangu biashara ilipofunguliwa na kila mwenye uwezo akaruhusiwa kununua na kusindika. Mwezi wa saba kila mmoja wetu aliletewa amri yenye mhuri. Inasema maji yetu ya kuoshea kahawa yamechachusha kijito, kwa hiyo tuzilipe fidia kaya arobaini na moja zilizo chini yetu, na tusiwashe mitambo mpaka tumalize kulipa. Kiasi chenyewe sikiandiki hapa. Mkono unakataa.

Tumekwenda mahakamani Songea kuipinga. Wakili wetu anasema hivi: kila mmoja wetu alikuwa na mashimo ya kuhifadhi maji machafu, na mashimo hayo yalishika vizuri mpaka zile mvua kubwa za Desemba zilipokuja kubomoa kila kitu hata madaraja ya serikali. Mvua ni kazi ya Mungu. Hakuna anayelipishwa fidia kwa kazi ya Mungu.

Nilimweleza juu ya ngolo zangu za maji machafu. Yeye ni mtu wa Tanga, hajui ngolo. Nikamchorea mezani kwake: mashimo yamepangwa mlimani kama sega la nyuki, kati yake matuta, maji yanaingia yanazama palepale. Nikamwambia Wamatengo tumelima hivyo kwenye miteremko ambayo mbuzi anaogopa, na udongo haujashuka. Alifurahi sana. "Mzee Pankras," akasema, "hii ni silaha."

Sasa anataka ushahidi wa mvua. Nikakumbuka ulipokuwa karani wangu ulikuwa na daftari lako la kijani, na kila jioni ukiandika mvua imenyesha au haikunyesha. Tulikuwa tukikucheka. Leo sicheki. Nitumie daftari hilo, mwanangu. Kesi itasikilizwa mwezi wa tatu.

Usiwe na hofu. Mimi sina.

Mjomba wako,
Pankras Ndunguru

*

Liuli
4 Oktoba 1998

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 6 Septemba imenifikia Jumatano tarehe 30. Bahasha ilikuwa imelowa pembe moja lakini maneno yote yamesomeka.

Sisi tunaendelea. Meshack anafundisha darasa la sita na la saba peke yake, mwenzake amehamishwa. Mimi nina habari ambayo nilitaka Mama aisikie kwanza, lakini sijui nimfikishie vipi: nina ujauzito wa miezi mitano. Jirani yangu Somoe, anayeuza vitumbua, anasema ni msichana kwa sababu nimeanza kula udongo. Namwambia huo si ushahidi. Usipa nimeshaanza kuwatandaza juani, mdai asiwe na haraka.

Mjomba, nina jambo la kuuliza. Kila mwaka ninaokuwa mbali na nyumbani, mwezi wa saba Mama hunitumia kikapu cha maharage mapya kwa lori la Bernadi. Tangu nianze sekondari hajawahi kukosa. Mwaka huu hakikuja. Niliandika kwenye daftari tarehe 31 Julai kwamba labda lori limeharibika. Lakini Bernadi amepita hapa mara tatu. Kwenye barua yako umeandika tu, "Mama yako yupo." Yupo vipi? Zamani ulikuwa ukiandika hata alichokutania.

Kuhusu daftari: nimekunakilia siku zote za mvua za Desemba 1997, na za Januari mpaka siku niliyoondoka. Desemba mvua ilinyesha siku ishirini na sita. Karatasi nimeiweka humu. Daftari lenyewe naomba libaki kwangu, lina mambo yangu mengine.

Je, wakili amewahi kukuuliza matuta yalipasuka mwezi gani? Au mlimweleza wenyewe?

Mpwa wako,
Tadea

*

Mkumbi
1 Novemba 1998

Mpwa wangu,

Nimeipokea barua pamoja na karatasi ya mvua. Hongera kwa habari njema. Mungu akulinde hata siku yenyewe. Leo ni Watakatifu Wote, nimetoka kanisani, nimekuombea kwa jina.

Mama yako amekwenda Ukata kwa shangazi yako, atakaa huko kwa muda. Ndiyo sababu hujapata habari zake. Huku mvua za kwanza zimegusa. Mitambo ipo kimya msimu mzima huu, na kahawa tumeiuza ikiwa na maganda yake kama watu wasio na akili. Nikipita karibu na mtambo wangu nasikia kama amekufa mtu mle ndani.

Wakili ameiangalia karatasi yako. Anasema nakala iliyoandikwa juzi haina uzito, hata ungeiandika kwa wino wa dhahabu. Mahakama inataka daftari lenyewe, lenye tarehe zake na uchakavu wake, au uje wewe uape. Wewe kwa hali uliyonayo huwezi kupanda milima hii. Basi ni daftari.

Ulichouliza kuhusu mwezi, niachie mimi.

Nikuambie kilichotokea tulipokutana sita. Sasa tuko watano, maana Sadiki, yule mwenye duka la khanga pale mjini, amelipa sehemu yake na kujitoa. Edmund, kiongozi wetu, alimfokea mbele yetu: "Wewe Mswahili unatuuza!" Sadiki akavaa kofia yake polepole, akasema, "Bwana Edmund, mimi mvua niliiona Desemba. Lakini harufu niliisikia Agosti. Mkinipandisha pale mbele, mnataka niapie pua ya nani?" Akaenda zake.

Kisha Edmund akanigeukia. Huyu ndiye mwenye lori na mitambo miwili, na wakili ni yeye aliyempata. Akaniuliza, "Huyo mpwa wako kwenye daftari anaandika nini hasa? Mvua tu?" Nikamjibu, mvua tu.

Ni mvua tu, sivyo?

Pankras

*

Liuli
29 Novemba 1998

Mjomba,

Shikamoo. Barua ya tarehe 1 nimeipokea tarehe 24. Meshack ameugua malaria siku nne, sasa amesimama. Mimi miguu imevimba lakini mkunga anasema ni kawaida. Ziwa limechafuka wiki nzima na meli haijapita, kwa hiyo barua hii nitampa Bernadi mkononi.

Si mvua tu. Unajua si mvua tu.

Nitakukumbusha yale ambayo hata nisingeandika ungeyakumbuka. Mwezi wa tano mwaka jana ulikwenda kwa Mama na wanawake wa kitongojini ukawaomba wachimbe ngolo za maji ya mtambo. Mlimani kwetu mwanamume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari, mwanamke ndiye anayechimba shimo na kufunika majani yale kwa udongo, na tuta huzaliwa hapo. Wanawake walikataa. Mama alikwambia, "Ngolo ni ya chakula. Sitachimba ngolo ya uchafu." Ukasema utatafuta wanaume. Ukawaleta vijana waliokuwa wakichimba mitaro ya barabara. Walimaliza kwa siku sita, na wewe ukafurahi kwamba wanaume ni wepesi kuliko wanawake.

Hawakulaza majani. Waliona kazi ya kike ni kuchimba tu, hawakujua kilichomo ndani ya tuta. Mama alipita jioni akasimama juu ya tuta moja, akalikanyaga kwa kisigino, kisigino kikazama. Akacheka. "Pankras, hizi ngolo zimechimbwa na wanaume." Mimi nilikuwa pale na nilicheka pia. Niliandika usiku huohuo. Na tarehe 23 Agosti nayo imeandikwa. Siielezi hapa, barua hupita mikono mingi.

Ukilipeleka daftari mahakamani kwa ajili ya Desemba, mtu atafungua Agosti. Usiniombe tena. Naogopa kulitoa na naogopa kulitunza. Nimelihamishia kwenye debe la unga.

Jambo moja zaidi. Bernadi anasema alimwona Mama Jumapili mbili zilizopita hapo Mkumbi, anapandisha mlima na ndoo. Siyo kwenye kijito chetu, ni kile cha mbali, kule karibu na njia ya Matiri. Kwa nini unaniambia yuko Ukata? Na kwa nini anateka maji mbali hivyo, wakati kijito kiko mlangoni pake?

Tadea

*

Mkumbi
20 Desemba 1998

Tadea,

Sisi ni wazima. Mvua ni nzuri. Heri ya Noeli kwenu.

Bernadi ana macho ya dereva, huona watu barabarani wasiokuwepo.

Wewe ni msomi, nami ndiye niliyekusomesha. Silisemi ili kukusimanga. Nalisema kwa sababu kama mtambo huu ukiondoka, nyumba hii inaondoka nao, na shamba la kahawa la marehemu baba yetu limewekwa dhamana kwa ajili ya injini. Hilo hukuliandika kwenye daftari kwa sababu hukulijua. Sikumwambia mtu.

Edmund atakuja huko mwezi wa kwanza kununua usipa. Mpe daftari. Amesema kurasa zisizohusika zinaweza kutolewa vizuri kwa wembe, kisha likashonwa upya. Anamjua fundi.

Nimechoka kuandika.

Pankras

Siku hiyo atakayokuja, usikae peke yako nyumbani.

*

Liuli
24 Januari 1999

Mjomba,

Shikamoo.

Amekuja. Ilikuwa Jumamosi tarehe 16, saa nne asubuhi. Meshack alikuwa shuleni kwenye mkutano wa wazazi. Kwa sababu ya mstari ule wa mwisho wa barua yako, tangu Mwaka Mpya nilikuwa nimemwomba Somoe akaangie vitumbua vyake kwenye baraza langu. Nadhani huo mstari uliuandika kwa mkono mwingine, si ule ulioandika kuhusu wembe. Nakushukuru kwa mkono huo.

Aliegesha lori mbele ya mlango kabisa mpaka nyumba ikawa giza. Akasalimia vizuri. Akakaa, akala vitumbua vinne, akasifu. Kisha akaanza kuangalia vyombo vyangu kimoja kimoja kama mtu anayehesabu mahari. Akasema, "Nimetumwa na mjomba wako. Kuna mzigo mdogo."

Nikamwambia mzigo haupo hapa, uko kwa watu.

"Watu gani?"

Somoe akageuza vitumbua, akasema, "Baba, wewe umekuja kununua usipa au madaftari? Maana usipa uko ufukweni, hapa tuna unga tu." Aliposema unga nilihisi mtoto amegeuka tumboni. Somoe hakujua kitu.

Edmund akacheka. Akanitazama tumbo. "Wa kwanza?" Nikasema ndiyo. "Mungu amsaidie. Ukifika wakati watakupakia kwenye gari kukupeleka hospitali, na barabara hizi zina kona mbaya." Alilisema kwa sauti ya huruma kabisa. Sikuweza kusema amenitisha, na bado nilimzuia Somoe asiondoke mpaka jioni.

Aliposimama kuondoka akasema, "Ninyi ni ukoo wa ajabu. Mama anashtaki, mtoto anaficha, na katikati ni mzee Pankras peke yake." Nikamwuliza mama gani anashtaki. Akaona kwamba sijui. Akafurahi. "Hukuambiwa? Kwenye orodha ya zile kaya arobaini na moja, dole gumba la kwanza ni la Vitalia Ndunguru. Dada yake wa tumbo moja."

Basi nimeelewa kikapu. Shamba la Mama liko chini ya ngolo zako. Maharage ya mwaka jana yalipandwa kwenye udongo uliokunywa maji yale. Hakutuma kwa sababu hakuvuna. Na hayuko Ukata. Hamsalimiani, ndiyo sababu hukuweza kuniandikia salamu zake. Fidia unayoipinga Songea ni ya kwake, Mjomba.

Nimekaa na jambo hili siku nane. Sitampa Edmund daftari, wala sitampelekea wakili wa upande wa pili, ingawa Meshack ananiambia ndilo jambo la haki. Wewe ulinilipia karo. Mama alinizaa. Nimekata kwa wembe, kama ulivyosema, ukurasa mmoja tu. Huu hapa. Si nakala, ni wenyewe, na kwangu sikubakiza nakala. Anakuletea Bernadi ndani ya mfuko wa usipa.

Ukiuchoma, hakuna karatasi duniani itakayosema Agosti.

Tadea

[Ukurasa uliomo]

Jumamosi, 23 Agosti 1997. Jua tangu asubuhi, upepo kidogo. Mvua haijanyesha tangu 11 Mei. Mtambo umewashwa saa moja.

Saa nane na robo tuta la chini kabisa limepasuka, kisha la juu yake, kisha mengine manne kwa pamoja. Maji meusi yameteremka mpaka kijitoni. Mama alikuwa huko chini anateka maji. Amepanda na ndoo tupu, miguu myeusi hadi magotini. Amesema: "Hakuna majani ndani, Pankras. Nilikwambia." Mjomba: "Dada, usinitangaze mbele ya vibarua." Mama: "Zima basi." Mjomba: "Kahawa iliyoloweka itaoza. Jioni nitazima."

Mjomba ameniambia nisiandike kwenye kitabu cha kazi. Sijaandika.

Saa kumi na mbili mtambo bado unaunguruma.

*

Liuli
21 Februari 1999

Mjomba,

Shikamoo. Leo ni wiki ya nne na sijapata neno. Bernadi anasema alikukabidhi mfuko mkononi tarehe 27 Januari, ukautoa ukurasa, ukausoma ukiwa umesimama, ukaingia ndani bila kumwambia kwaheri. Baada ya hapo barabara ilikatika kule kwenye mteremko, na hajapita tena.

Nimejifungua tarehe 9, alfajiri, hapahapa nyumbani. Niligoma kupakiwa kwenye gari lolote. Ni msichana. Somoe anadai ushindi. Nimempa jina la Mama.

Kila lori likipita nanyamaza mpaka mlio wake uishe. Meshack ananiuliza nasikiliza nini. Siku zote nimeandika kila kitu na nikalala vizuri. Sasa kuna ukurasa mmoja haupo, na ndio ninaousoma kichwani kila nikinyonyesha.

Kesi ni mwezi ujao. Sikuulizi umeamua nini. Nijulishe tu kwamba u mzima.

Tadea

*

Mkumbi
14 Machi 1999

Mpwa wangu Tadea, mama Vitalia mdogo,

Barua yako nimeikuta nimerudi kutoka Songea. Niliisoma mara mbili kuhusu mtoto kabla ya kusoma mengine. Ni mzima, mimi. Nianze na hilo kwa kuwa ndilo uliloliuliza.

Ukurasa wako niliuweka kwenye kitabu cha sala, nikajiambia nitauchoma Jumapili. Jumapili ikapita. Nikasema Jumatano ya Majivu, siku inayofaa. Nayo ikapita. Sikuupenda, Tadea. Nilikuchukia siku mbili tatu, sitakudanganya. Ungelipeleka daftari lote kwa wakili wa upande wa pili ningejua la kufanya, ningekuita msaliti. Ukaniachia mimi.

Niliogopa kukuandikia kwamba dada yangu ananishtaki, kwa sababu ungeuliza sababu, na sababu nilikuwa nayo. Tangu amri ilipokuja hatukusalimiana. Miezi minane. Tukikutana njiani mimi huinama kufunga kiatu. Kiatu hiki kimefungwa mara nyingi mwaka huu kuliko viatu vyote vya Mbinga.

Tulisikilizwa tarehe 3. Tulikwenda watano kwenye lori la Edmund, na njia nzima alitufundisha: mvua, mvua, mvua. Walipanda wenzangu wawili kabla yangu. Wakaapa. Wakasema Desemba. Kisha nikaitwa mimi na ngolo zangu, maana ndizo silaha. Nilishika Biblia. Nilikuwa na ukurasa kwenye mfuko wa shati na nilidhani watu wote wanausikia unavyochakacha.

Nilieleza ngolo, Jaji akasikiliza kwa hamu, hata akauliza maswali. Kisha wakili wa upande wa pili, binti mdogo tu, umri wako, akasimama akaniuliza, "Mzee, hayo matuta yalipasuka lini?"

Nikaangalia nyuma ya ukumbi. Wanawake watatu walikuwa wametumwa na zile kaya. Mama yako alikuwa wa katikati. Mikono yake ameifunga ndani ya khanga, kwa sababu ngozi ya vidole imebabuka kwa maji ya kijito. Hilo nalo sikukuandikia. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama kama alivyotazama lile tuta kabla ya kulikanyaga kwa kisigino.

Nikasema, "Agosti. Tarehe ishirini na tatu. Hapakuwa na mvua."

Wakili wetu akadondosha kalamu. Yule binti akaniuliza, "Na mtambo uliuzima saa ngapi?" Nikajibu kwamba sikuuzima. Hakuuliza zaidi. Ukurasa haukutoka mfukoni.

Hukumu itasomwa mwezi wa tano. Sisi sote tunajua itakavyokuwa. Nilipotoka nje lori lilikuwa limeondoka. Nimerudi juu ya magunia ya mbolea ya mtu mwingine, siku mbili. Nimefika nimekuta mkanda wa mtambo umekatwa vipande vitatu, vimepangwa mlangoni kwa usafi kama vitu vya kuuza. Majirani hawakusikia kitu. Jioni lori la Edmund hupita hapa, linapunguza mwendo, halisimami. Linapita tu. Naogopa, Tadea. Mara ya kwanza nilikuandikia sina hofu, na ilikuwa uongo wa kwanza wa barua hizi.

Ukurasa wako huu hapa, ubandike mahali pake. Chini kabisa nimeongeza mstari: "Ni kweli," na jina langu na tarehe. Samahani kwa kuchafua daftari lako.

Juzi asubuhi nilikwenda kwa mama yako. Nilisimama uani nikasema, "Shikamoo dada." Alikuwa anapepeta. Akapepeta mpaka ungo ukaisha, nikadhani nitasimama pale hadi Pasaka. Kisha akaitikia, "Marahaba." Nikamwambia ana mjukuu na jina lake. Akaweka ungo chini.

Akaingia ndani, akatoka na jembe lake na fyekeo la marehemu baba. Huu ni mwezi wa kufyeka kwa ajili ya maharage, nawe unajua. Tukapanda mpaka kule juu, kwenye mashimo yangu yaliyoharibika, lile eneo lote ambalo halioti kitu. Nikamwuliza kama udongo huu utakubali maharage. Akasema mwaka huu hapana, labda wa tatu au wa nne, lakini majani lazima yaanze kulazwa. Nikamchukulia jembe mkononi, kwa kuwa niliona aibu, na vidole vyake vile.

Wakati huohuo tulisikia lori linapanda kutoka mjini. Lilipunguza mwendo. Mimi niligeuka kulitazama. Yeye hakugeuka. Alinipokonya jembe, akaniwekea fyekeo mkononi.

"Wewe fyeka," akasema. "Kuchimba huwezi."

Mjomba wako,
Pankras